Farasi mkaidi na kamba inayolegezwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mchunga ng'ombe mmoja wa magharibi mwa Marekani alikuwa na farasi aliyemshinda. Farasi huyo, aliyeitwa Hondo, alikuwa akiuma, akirusha mateke na kupiga kwa miguu ya mbele, na kumpanda ilikuwa sawa na kujitafutia ajali.

Mwenye farasi, Ray Hunt, hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alizaliwa katika jimbo la Idaho mwaka 1929 na kazi yake ilikuwa ya juu ya tandiko. Lakini kwa Hondo ujuzi wake ulifika ukingoni, na ndipo alipotafuta ushauri kwa mfugaji aliyemzidi umri kwa takriban miaka 20, Tom Dorrance, mzaliwa wa Oregon.

Kutokana na watu hao wawili, pamoja na Bill, kaka yake Tom, uliibuka mtindo wa kuwafundisha farasi ambao leo umeenea hadi Ulaya na Australia na kujulikana kama mbinu ya asili. Sehemu yake kubwa hufanyika kabla mtu hajapanda: mtu na mnyama wamesimama chini, kati yao kamba moja ndefu, na wakati mwingine hata kamba haipo.

Wanaoifuata mbinu hii wanasema farasi mkaidi huanza kumwamini mtu pale mtu huyo anapojua wakati wa kuacha kumsumbua. Maneno hayo ni mepesi kutamka. Kuyatenda mbele ya mnyama mwenye uzito wa kilo 400 au 500 na aliyejaa hofu ni jambo jingine.

Kumvunja farasi

Kwa muda mrefu Wamarekani waliiita kazi ya kumzoesha farasi tandiko "kumvunja". Neno hilo halikuwa la mzaha. Farasi alikamatwa kwa kitanzi, akafungwa mguu mmoja au kitambaa machoni, akatandikwa, kisha mtu akapanda na kung'ang'ania mpaka mnyama achoke kuruka. Katika mashamba makubwa yenye mamia ya farasi, njia hiyo ilipendwa kwa sababu ilikuwa ya haraka.

Wapo waliotafuta njia nyingine zamani sana. Mgiriki Xenophon, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kitabu cha upandaji farasi akiwaonya wasomaji wasimkaribie farasi wakiwa na hasira. Mwaka 1858 Mmarekani John Rarey, mwenyeji wa Ohio, aliistaajabisha London alipomtuliza Cruiser, dume lililoogopwa kiasi cha kuvishwa kizuizi cha chuma mdomoni, na akaonyesha ufundi wake mbele ya Malkia Victoria. Magazeti yalimsifu kwa upole. Hata hivyo, siri ya Rarey ilikuwa ukanda: aliufunga mguu mmoja wa mbele, akamchosha farasi taratibu mpaka akalala chini, kisha akampapasa mwili mzima. Haukuwa ukatili wa mjeledi, lakini ni vigumu kusema kwamba farasi alipewa nafasi ya kuchagua.

Nafasi ya kuchagua ndilo jambo ambalo akina Dorrance walilitia mkazo. Katika vitabu vilivyotokana na mafundisho hayo, kile cha Hunt cha mwaka 1978 na kile cha Tom Dorrance cha mwaka 1987, mwanafunzi anayehimizwa kubadilika kwanza ni binadamu.

Mnyama anayewindwa

Ili kuelewa mbinu hii, ni lazima kwanza kuelewa farasi anaionaje dunia.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yapo pembeni mwa kichwa na humwezesha kuona karibu pande zote bila kugeuka, isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia. Anayejitokeza ghafla katika sehemu hizo mbili huonekana kama simba aliyechomoza kichakani, na mateke yanayofuata hayana chuki yoyote ndani yake. Ni silika iliyomwokoa mnyama huyu kwa maelfu ya miaka.

Silaha yake ya kwanza ni mbio. Mtu anapomfunga, anapombana pembeni au kumvuta kwa nguvu, humnyang'anya silaha hiyo, na ndipo zinapokuja za pili: meno na kwato. Farasi wengi wanaoitwa wakorofi wamefikishwa hapo na watu.

Wengine wana maumivu. Jambo hili husahaulika mno, na pengine lingepaswa kutajwa kabla ya jingine lolote. Jino lenye ncha kali, tandiko linalobana mabega, kwato iliyokatwa vibaya au kidonda cha tumbo vinaweza kumfanya farasi mpole aume. Mwaka 2014 watafiti wa Ulaya walichapisha kipimo cha kutambua maumivu kwa kutazama uso wa farasi: masikio yaliyolala nyuma, misuli iliyokaza juu ya jicho, taya na midomo iliyobana, pua iliyotanuka. Daktari wa mifugo akishasema mnyama ni mzima, hapo ndipo mafunzo yanapoanza. Kumfundisha farasi mwenye maumivu ni kumwadhibu kwa ugonjwa wake.

Ndani ya uzio wa mviringo

Mahali panapopendwa na wakufunzi wengi ni uzio wa mviringo wenye kipenyo cha mita 15 hadi 18. Hauna kona, na kwa hiyo farasi hana pa kujibana wala pa kumbania mtu. Vifaa ni vichache: hatamu ya kamba isiyo na lijamu, kamba ya kuongozea yenye urefu wa mita tatu na nusu hivi, na fimbo ndefu yenye kitambaa au bendera ndogo nchani.

Somo la kwanza ni umbali. Kila farasi ana mpaka wake usioonekana. Mtu akiuvuka, mnyama huondoka. Mkufunzi hutembea kuelekea begani, kamwe si usoni moja kwa moja, mpaka aone dalili ndogo kabisa ya wasiwasi: kichwa kuinuka, pumzi kuzuiwa, sikio kukaza. Hapo husimama. Farasi akitulia, hata kwa kugeuza sikio moja tu kumwelekea, mkufunzi hugeuka na kurudi nyuma.

Kurudi huko nyuma ndiko kunakomshangaza mtazamaji. Je, mtu atamkaribiaje mnyama kwa kumwondokea? Lakini kwa farasi, mtu kuondoka ni nafuu, na nafuu ni malipo. Anajifunza kwamba akitulia, kitu cha kutisha kinaondoka. Baada ya kurudia mara kadhaa mpaka husogea. Mita kumi huwa tano, tano huwa mbili, na hatimaye mkono hufika begani, ukagusa kwa sekunde chache na kuondoka kabla farasi hajataka uondoke.

Kwa farasi wa porini ambaye hajawahi kuguswa, wengine hutumia mwanzi mrefu badala ya mkono. Mwanzi huwekwa juu ya mgongo, karibu na mwanzo wa shingo, na kusuguliwa taratibu. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Farasi wakiwa malishoni hukunana wao kwa wao sehemu hiyo hiyo, na utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba farasi anayekunwa hapo mapigo ya moyo wake hupungua.

Baada ya kuguswa huja kuongozwa. Mkufunzi huivuta kamba pembeni kidogo na kusubiri. Hakazi zaidi, halegezi. Farasi anaweza kupinga kwa dakika nzima. Pindi anapouhamisha uzito wake kuelekea kamba, hata kabla ya kuinua mguu, kamba hulegezwa papo hapo. Sekunde mbili za kuchelewa zinatosha kuliharibu somo, kwa sababu farasi hulihusisha lile analofanya na nafuu anayoipata wakati huo huo. Mtu anayelegeza kamba wakati farasi anaruka amemfundisha kuruka. Hivi ndivyo farasi wengi walivyofundishwa ukorofi na wenye nyumba yao bila wao kujua.

Kisha huja zoezi ambalo wafuasi wa Dorrance hulipa uzito mkubwa: kumfanya farasi asogeze sehemu ya nyuma, mguu mmoja ukikatiza mbele ya mwingine. Nguvu ya farasi ya kukimbia, kuruka na kupiga teke hutoka kwenye miguu ya nyuma. Inapokatizana, nguvu hiyo hukatika kwa muda na mnyama hulazimika kutafuta mizani upya. Mpandaji ambaye farasi wake amejifunza hilo vyema akiwa chini anayo breki hata atakapokuwa juu. Vivyo hivyo kurudi kinyumenyume: farasi anayemsukuma mtu kwa bega hufundishwa kuiheshimu nafasi ya mtu kwa kutikiswa kamba kidogo, kisha zaidi, na kuachwa mara tu anapopiga hatua moja nyuma.

Bendera na mifuko ya plastiki hufuata, tandiko baadaye. Kanuni haibadiliki. Kitu cha kuogofya hutikiswa mbali, na hakiondolewi farasi akiwa anakimbia, bali anaposimama.

Wakufunzi wana makatazo pia. Kamba haizungushwi mkononi, kwani farasi akishtuka inaweza kukata vidole. Hakuna kusimama nyuma ya mnyama bila yeye kujua. Kofia ngumu si ya wapandaji peke yao. Na siku mtu anapokuwa na haraka au hasira, ni heri asiingie zizini kabisa. Somo la dakika 15 lililokwisha vizuri hushinda la saa mbili lililokwisha kwa ugomvi.

Gerezani Wyoming

Mahali ambapo mbinu hii imepimwa kwa ukali ni miongoni mwa farasi wa porini wa Marekani, wanaoitwa mastangi. Hawa wametokana na farasi waliotoroka au kuachwa tangu enzi za Wahispania, na tangu mwaka 1971 wanalindwa na sheria ya serikali kuu. Malisho yao ni makame na hayatoshi. Mwaka 2024 makadirio rasmi yalikuwa zaidi ya farasi na punda 70,000 porini, na wengine zaidi ya 60,000 walikuwa wamekamatwa na kuwekwa katika mazizi na malisho ya kukodi kwa gharama ya serikali.

Mwananchi anaweza kumchukua mmoja kwa ada ndogo, mradi awe na pa kumweka, ukiwemo uzio wa futi sita kwa farasi mkubwa ambaye hajazoeshwa. Lakini wenye ujuzi wa kumshika farasi wa namna hiyo ni wachache. Kwa mastangi, kujifunza kuongozwa kwa kamba kunaweza kuamua iwapo atapata kwake au atazeeka zizini. Wapo pia waliouzwa tena mnadani na kuishia machinjioni nje ya nchi, jambo lililozua kesi na lawama nyingi.

Ndiyo maana mwaka 1988 wafungwa wa gereza la kilimo la Riverton, katika jimbo la Wyoming, walianza kuwazoesha mastangi hao kabla ya kupewa wenyeji wapya. Mipango kama hiyo imekuwepo katika magereza ya majimbo mengine pia, yakiwemo Colorado na Nevada. Wengi wa wafungwa hao huingia zizini bila kuwahi kumgusa farasi.

Mtu aliyezoea kupata anachotaka kwa kutunisha kifua hukuta kwamba hapo kifua hakimsaidii. Farasi husoma mwili wa binadamu kuliko binadamu anavyousoma mwenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliripoti kwamba farasi walioonyeshwa picha ya uso wenye hasira waliitazama zaidi kwa jicho la kushoto na mapigo ya moyo wao yakapanda haraka zaidi kuliko walipoonyeshwa uso wenye furaha.

Je, ni ya asili kweli?

Si wote wanaokubaliana na sifa zinazotolewa kwa mbinu hii.

Mwenye jina kubwa zaidi kati ya wakufunzi hawa pengine ni Monty Roberts wa California, ambaye mwaka 1989 alialikwa na Malkia Elizabeth wa Pili kuonyesha kazi yake katika kasri la Windsor. Roberts humkimbiza farasi huru kuuzunguka uzio mpaka anapoonyesha dalili za kutaka amani: sikio la ndani kumwelekea mtu, kichwa kushuka, mdomo kutafuna hewa. Kisha mtu humgeuzia mgongo, na farasi humfuata. Maelezo yake ni kwamba hiyo ni lugha ya kundi, namna jike mkubwa anavyomfukuza mtoto mtundu na kumkaribisha tena.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walitoa matokeo yaliyotibua maelezo hayo. Waliwafundisha farasi kwa mtindo huo huo, ila badala ya binadamu walitumia kigari cha kuchezea kinachoendeshwa kwa rimoti. Farasi walijifunza kukifuata kigari. Kwa watafiti hao, kinachofanya kazi si lugha ya farasi bali ni nafuu: mnyama hukimbia kwa kuwa anasumbuliwa, na humkaribia msumbufu kwa kuwa ndipo usumbufu unapokoma. Waliongeza kwamba kumkimbiza farasi ndani ya uzio kunaweza kumtia hofu kubwa.

Hoja hiyo ni nzito, na inafaa kukubaliwa. Ujuzi huu hauna uchawi, na neno "asili" limesaidia zaidi kuuza kamba na kanda za video kuliko kueleza jambo. Lakini ukosoaji huo hauufuti msingi wa akina Dorrance. Unaueleza kwa lugha ya maabara. Tofauti kati ya mkufunzi mwema na mbaya ipo katika kiasi cha usumbufu anaoanza nao na upesi wa kuuondoa. Anayemkimbiza farasi dakika 30 mpaka atoke povu ametumia kanuni ile ile kama anayeinua kidole na kukishusha. Farasi hao wawili hawatamkumbuka mtu wao kwa namna moja.

Aliyeshindikana

Mwanafunzi maarufu wa Hunt ni Buck Brannaman, aliyezaliwa mwaka 1962. Yeye mwenyewe alikulia chini ya baba aliyempiga vikali mpaka akachukuliwa na familia ya walezi huko Montana. Ndiye aliyekuwa mshauri wa filamu ya Robert Redford ya mwaka 1998 kuhusu mtu anayewaponya farasi, na mwaka 2011 ilitoka filamu ya maisha yake iliyobeba jina lake, Buck.

Katika filamu hiyo analetewa dume la miaka mitatu. Lilizaliwa likikosa hewa, likampoteza mama yake, likalelewa na mtu kama mtoto wa nyumbani bila mipaka yoyote, likakua likiwa na nguvu za farasi na bila woga wa binadamu. Brannaman analifikisha mahali pa kuvaa tandiko. Siku inayofuata linamrukia msaidizi mmoja wa mafunzo na kumng'ata kichwani hadi damu inamwagika. Mwenye farasi anaamua kulipeleka likauawe. Brannaman halilaumu, lawama anaiweka kwa watu waliolilea, na bado anamsaidia mwenye farasi kulipakia garini kwa utulivu.

Kisa hicho ni muhimu kwa sababu wauzaji wa mbinu hii hupenda kuonyesha ushindi pekee. Farasi aliyedekezwa huweza kuwa hatari kuliko aliyepigwa. Aliyepigwa ana hofu, na hofu inaweza kupunguzwa. Aliyedekezwa hana anachotaka kuepushwa nacho.

Punda wa Lamu

Kwa Waafrika Mashariki wengi farasi ni mnyama wa kusikika zaidi ya kuonekana. Mbung'o na ugonjwa hatari wa farasi unaoenezwa na wadudu vilimzuia kuenea katika sehemu kubwa ya eneo hilo, akabaki kwa wachache: majumba ya masultani Zanzibar, uwanja wa mbio wa Ngong jijini Nairobi, na mashamba ya nyanda za juu. Waswahili wanaoishi Oman humwona kwa karibu zaidi, hasa katika ardha ya farasi na ngamia, maonyesho yaliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018, ambapo wapandaji husimama wima juu ya migongo ya farasi wanaokwenda mbio. Hakuna anayesimama hivyo juu ya mnyama asiyemwamini.

Lakini punda yupo kila mahali, na kwake kanuni ni ile ile, kasoro moja. Farasi akiogopa hukimbia. Punda aghalabu husimama kama aliyepigwa msumari, akilitafakari jambo. Katika vichochoro vya Lamu, ambako punda hubeba mchanga, mawe na maji, kusimama huko ndiko kunakoitwa ukaidi na kujibiwa kwa bakora. Anayepigwa akiwa anafikiri hujifunza kwamba mahali hapo kweli pana hatari, na kesho atasimama hatua kumi kabla. Mwenye subira hukaza kamba kidogo, akasubiri, akalegeza pindi mguu wa mbele unaposogea. Mara ya kwanza huchukua muda, na mzigo huchelewa kufika. Mara ya tano punda hupita bila kuulizwa.

Huko Riverton, siku ya mnada, farasi aliyeingia zizini akirukia uzio hupandwa na mfungwa mbele ya wanunuzi, kisha kamba hukabidhiwa kwa mikono ya mgeni. Imani aliyojengewa na mtu mmoja haihami yote kwa mwingine. Wenye uzoefu humshauri mwenyeji mpya asipande siku hiyo, wala kesho yake. Aweke majani makavu na maji, asimame mita chache pembeni akitazama kando, na farasi atakapogeuza sikio, aondoke.